Sauti ya Mama Nyawira Ndani ya Ngoma Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeosha magari tangu asubuhi. Kila dereva anayesimama hapa Kimbo ana ngoma yangu kwa simu. Shule niliachia kidato cha pili lakini walimu wenyewe sasa wanaimba korasi yangu. Wimbo unasema nina mabibi sita, wote wanasukumana kwa mlango. Sina hata mmoja. Sanaa ni sanaa.

Jumatano, 5 Machi
Barua ya wakili. Mimi!
Ati niondoe wimbo kwa siku saba ama tukutane kortini. Mlalamishi ni Mama Nyawira wa Kamenu. Namjua. Ndiye aliyeongoza akina mama kuimba kwa ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yangu Disemba, wakiwa wamefungiwa nje ya geti. Bila kuimba hamfunguliwi, ndiyo desturi. Nilirekodi na simu, nikaweka biti, mdundo wa ngoma, chini yake. Korasi ikatoka tamu.
Sasa nyimbo za geti zina mwenyewe? Cucu, nyanya yangu, aliimba, mathe aliyenizaa aliimba. Ni kama mtu adai mvua ni yake. Nimecheka. Halafu nikasoma tena, nikaacha kucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Muchiri, mwenye laptopu tuliyotengenezea ngoma, amesema sheria haikugusi ukichukua chini ya sekunde kumi. Mimi nilichukua nane. Tumeshinda!
Mathe hajakubali. Amesema Muchiri alisomea uwakili kwa kinyozi. Kuna Mwalimu Gathogo huko Kahawa Sukari, alifundisha muziki hadi akastaafu, na korti humwita watu wakigombania nyimbo. Nitaenda Jumamosi. Aandike kwamba niko sawa, nimtumie huyo mama.

Jumamosi, 8 Machi
Sina maneno. Na mimi hukosa kila kitu isipokuwa maneno.
Mwalimu alisikiliza wimbo wangu, halafu CD ambayo Mama Nyawira alirekodi miaka mingi iliyopita na kikundi chake. Wakili wake alikuwa ameshamletea Mwalimu kabla yangu. Kumbe kuna CD. Akaandika noti za muziki kwa karatasi, zangu juu, za mama chini. Sijui kusoma noti. Lakini macho ninayo. Zilifanana kama mapacha.
Nikamwambia ile ya sekunde kumi. Alicheka mpaka akavua miwani.
“Kijana, nani alikwambia kuna sekunde za bure?”
Ameniambia mambo mawili. Ule mwito wa kwanza, wa kubisha geti, ni wa zamani, hauna mwenyewe. Nilikuwa nimeanza kuringa. Lakini kile kipande cha kuitikia, ile korasi yangu yote, mama alitunga. Tangu aletewe CD, Mwalimu amepiga simu kwa waimbaji wazee watatu, amesikiliza kanda za kale, hakuna aliyekiimba kabla yake. Hilo la kwanza. La pili, hakimiliki ya tuni, ule muziki wenyewe, ni moja, na haki ya mwimbaji juu ya sauti yake ni ingine. Ningeimba mwenyewe bado ningekuwa na shida moja. Sasa niko nazo mbili.
Nikasema sauti haijulikani ni ya nani, nimeipitisha kwa mashine. Hakubishana. Akazima mdundo wote kwa kompyuta yake, ikabaki sauti ya mama peke yake, na nyuma yake mbuzi akilia. Ngai, Mungu wangu! Mbuzi wa ruracio. Yule mbuzi nilimla.
Nilimwomba aandike angalau kwamba nilitoa tuni kwa desturi. “Nitaandika nilichosikia,” akasema. “Hata mbuzi nitamwandika.”
Nimeogopa. Nimeandika sasa, nimeogopa.

Jumatatu, 10 Machi
Mwalimu alinipa wakili wa Ruiru, alikuwa mwanafunzi wake. Mdogo kwa umri, mkali kwa macho. Amesema nisifute chochote mpaka aseme yeye. Nisimpigie mama kelele kwa simu. Tutaenda kuonana naye kesho kabla siku zangu ziishe. Nilimwuliza kama nitafungwa. Akasema niende nikanyoe kwanza.

Jumanne, 11 Machi
Kamenu. Nilidhani mama anataka pesa. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kubembeleza.
Hakutaka.
“Kijana, unajua nilisikia sauti yangu wapi? Kwa buchari. Niko kwa foleni ya nyama, najisikia nikiimbia mabibi sita. Mtu wa kukata nyama ananiuliza, Mama Nyawira, wewe ni wa ngapi?”
Watu wakacheka. Habari ikafika kanisani. Akina mama wa kanisa walimwambia apumzike kuongoza nyimbo mpaka jambo lieleweke. Miaka yote ameongoza. Mimi ndiye nilimwimbisha kwa buchari na kwa baa na hata sikujua.
Nilishtuka kuliko nilivyoshtukia mbuzi.
Anataka wimbo uondolewe, na mimi nisimame mbele ya hao akina mama niseme ukweli. Wakili akaniambia sasa naweza kuufuta. Nikasema sawa, mama. Nikautoa mtandaoni hapo hapo, mbele yao. Muchiri hatanisamehe. Sina ngoma tena.

Jumapili, 16 Machi
Nimesimama kanisani, mbele ya akina mama. Nimesema nilichukua sauti yake bila kumwuliza, na mabibi sita ni uongo wangu. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja amesema, “Haya, keti.”
Wakati wa sadaka Mama Nyawira ameongoza wimbo. Nimekaa benchi ya mwisho. Bila biti yangu chini yake, sauti yake ni kubwa zaidi. Akina mama wakaitikia. Na mimi nimeitikia polepole, pale nilipojua maneno.