Kifaransa cha Kupeana Migongo

Chuoni, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Mugonile? Goti la baba linaendeleaje, na maji yameshatoka kwenye mpunga? Mimi ni mzima, mafua tu. Mchele uliotuma umefika, ingawa gunia lilikuwa limefumuliwa na kushonwa upya kwa uzi usio wetu. Nina mtu ninayemshuku.

Sasa nikueleze habari za Kifaransa. Darasa letu lina watu wa kila namna. Wapo tulioanzia sifuri, wapo waliotoka seminari, wapo waliokulia Bujumbura. Na wapo wanaojifanya sifuri ili wapate alama za bure. Binti ninayekaa naye anaapa hajui hata salamu, lakini mwalimu akitania kwa Kifaransa, yeye hucheka kabla yetu. Tangu hapo daftari langu nalilalia.

Muhula huu akaingia mwanafunzi mtu mzima, katumwa na ofisi yake ya mpakani Kasumulu, maana siku hizi za ruksa wafanyabiashara wanaingia kutoka kila upande. Kuinua macho, ni baba mkwe mdogo, yule mdogo wake baba yake mchumba wangu Lusajo, aliyeishi Lubumbashi ujanani. Jina lake sitaliandika, mkwe hatajwi. Ng'ombe wa posa wako zizini kwetu, mama, ningefanyaje? Nilijitanda kanga usoni nikatokea mlango wa nyuma. Kesho yake vivyo hivyo. Wenzangu wakaona nimerukwa na akili, mwalimu akaniandika mtoro.

Si haya ya ukwe peke yake iliyonitoa darasani. Unakumbuka baba mkwe alivyosema pale Ikolo, kwamba akisikia neno moja baya juu yangu, masomo basi na harusi ifungwe mara moja? Nikajua wameniletea mpelelezi. Kila Ijumaa nilimwona kwa mbali akipeleka barua posta. Ni nani huyo wa kuandikiwa kila wiki?

Kisha mwalimu, mama mmoja wa Kigoma, akaamua kila anayejua amshike mkono asiyejua, na mtihani wa kuzungumza waufanye wawili wawili. Atakayeshindwa anaondolewa kwenye Kifaransa. Mimi nikapangiwa yeye. Nilimfuata mwalimu ofisini nikamweleza kwamba kwetu mwanamke hakai chumba kimoja na mkwewe, wala hamtazami. Akanijibu, "Binti, hapa ni chuo kikuu, si jikoni kwa mkweo."

Siku ya kwanza nilibaki nje, chini ya dirisha. Nikasikia kiti kinaburutwa. Baba mkwe mdogo alikuwa amegeuza kiti chake kutazama ukuta, akasema kwa Kifaransa, polepole, maneno ambayo hata mimi niliyaelewa: ingia ukae, sikuoni. Nikaingia, nikageuza changu. Muhula mzima tumesoma hivyo, mgongo kwa mgongo, darasa zima likitucheka. Alinisahihisha bila kuchoka mpaka ulimi ukalainika, nami sikuacha kumshuku. Akiniuliza jana nilikwenda wapi, najibu maktaba, hata kama nilikuwa sokoni.

Jumatatu tulifanya mtihani, migongo vilevile, mwalimu keshachoka kubishana nasi. Nimefaulu, mama. Tulipotoka, yeye mbele mimi nyuma, akanisemesha bila kugeuka, kwa Kifaransa tena, maana kwa Kiswahili hatujawahi kusemezana. Akasema kaka yake humwandikia kila wiki akitaka kujua anionavyo huku, navaa nini, natembea na nani. Naye kila Ijumaa humrudishia jibu lile lile.

Nikamuuliza ni jibu gani.

"Kwamba tangu nifike sijamwona hata mara moja," akasema. "Na kaka anajua mimi sisemi uongo."

Niliona aibu, mama, nikalia njia nzima. Mchele uliobaki nimeuweka mlangoni kwake, nikagonga, nikakimbia kabla hajafungua.

Nisalimie baba, bibi anayeniombea kila alfajiri, na shangazi wa Matema; mwambie chungu alichonipa hakijapata ufa. Mdogo wangu Bupe asiguse sanduku langu, najua lilivyofungwa. Na baba mkwe akija kuuliza habari zangu, mwambie amuulize mdogo wake.

Ndaga fijo, asante sana, mama.

Mwanao niliye mbali na macho yako,
Tumpe