Sekunde Tatu kwa Kila Kilomita

Jumanne, Januari. Mvua bado inanyesha.

"Alikuwa anahesabu, mwalimu." Mama yake Devota aliniambia hivyo leo makaburini, kabla hata sijampa pole.

Ni mimi niliyewafundisha hesabu hiyo, Devota na wenzake, walipokuwa kidato cha pili. Mwanga hufika papo hapo, sauti huchelewa. Ukiona umeme, hesabu mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Devota akauliza, "Nikifika kumi na tano, je?" Nikamjibu, "Kilomita tano hizo. Endelea na palizi yako." Darasa zima likacheka.

Jumamosi Devota na mama yake walikuwa wanapalilia mahindi. Mama akasema warudi nyumbani. Devota akahesabu mpaka kumi na tano, akasema iko mbali, wamalizie tuta lile. Radi iliyofuata haikumpa nafasi ya kuhesabu hata moja.

Sikuwaambia kwamba hesabu ile ni ya radi iliyokwisha kupiga, si ya ile inayokuja. Nilijua. Kengele ilikuwa karibu kulia, nami nilikuwa na njaa.

Sasa watu wanasema radi imetumwa kwa uchawi. Wakati wa kutoka makaburini, kwa Kifipa cha chini chini, walikuwa wanamtaja bibi anayekaa jirani na akina Devota. Ningeweza kuwaeleza. Lakini wangeuliza nani alimwambia mtoto asikimbie, basi nikanyamaza na fizikia yangu yote.

Bibi alipita katikati yetu na hakuna aliyemwamkia. Mimi nikasema shikamoo.

"Marahaba, mwalimu," akaitikia. "Ahsante kwa kunisalimia."