Mapipa Niliyoyatoboa

Newala, Jumamosi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Mihogo ya kule Chidya mmeshaanza kung'oa? Sisi huku tunapumua tu. Petro amerudi shule, na mama yake sasa anakula kidogo. Ile simu ya maandishi niliyopeleka ilisema tu kwamba wajina wako, Anna, amefariki kwa tumbo. Simu haina nafasi. Leo nakueleza yote, na nakueleza pia jinsi nilivyomlipiza aliyetuulia mtoto.

Lori la serikali lililobeba mapipa ya dawa ya nzige lilipinduka kwenye poromoko, likipanda kuja huku. Dawa ikamwagika barabarani. Ni sumu kali, Mama. Mbuzi wawili walilamba majani wakafa palepale. Bwana Shamba akasema barabara si yake, ni ya watu wa ujenzi. Bwana wa ujenzi akasema dawa si yake, ni ya Bwana Shamba. Daktari akasema ana wagonjwa, hana lori. Mwisho Bwana DC akawaita wote bomani, akaamuru wafanye kazi pamoja, na wa kuzunguka kati yao nikawa mimi, bwana afya mdogo, kwa kuwa nina baiskeli! Nikaifukia dawa kwa udongo, nikaziba njia ya kisimani, nikalala hukohuko porini. Hata onyo la kukataza watu wasiguse mapipa matupu lilitakiwa litiwe sahihi na wakubwa watatu. Nilipata mbili. Ya tatu ilichelewa siku mbili, mwenyewe alikuwa safarini.

Ndani ya siku hizo Barnaba akafanya yake. Unamkumbuka Barnaba, mtunza stoo ya kilimo, yule niliyekuandikia kwamba hatusemezani tangu aliponichongea kwa wakubwa kuwa nalala kazini. Aliyasomba yale mapipa matupu, akayasugua kwa mchanga, akagawia watu. Nawe unajua huku juu maji ni shida. Wanawake wanashuka bondeni alfajiri, wanarudi na debe kichwani jua limeshakuwa kali. Ukimpa mtu pipa huku umempa mali. La mwisho akalipeleka kwangu, mimi nikiwa porini nalinda sumu hiyohiyo. Akamwambia mke wangu, "Mama Petro, mpe mwenzangu, mwambie tuyamalize." Mke wangu akafurahi, akajaza maji. Anna akawa wa kwanza kunywa, kwa kuwa ndiye mdogo. Siku ya pili tulimzika.

Sasa sikiliza nilivyomkomoa. Amri ilipotoka, ilisema mapipa yote ya dawa yatobolewe. Nikashika sururu, nyuma yangu askari wa boma. Nikatoboa ya kijiji cha Makote, nikatoboa ya Chilangala, watu wanalia kama wananyang'anywa mifugo. Kisha nikaenda kwa Barnaba. Yeye ana nyumba ya bati na mapipa manne ya kukinga mvua. Yalikuwa mapipa ya mafuta ya taa, masafi, ameyatunza tangu alipooa. Nilijua hilo, Mama. Nilijua wazi. Nikayatoboa yote manne, na maji aliyoyakinga masika yakamwagika mbele ya mkewe. Barnaba alisimama mlangoni.

Na kiangazi ndiyo kwanza kinaanza! Mkewe ana mimba kubwa, poromoko haliwezi, basi Barnaba mwenyewe, mtu wa kaptula ya kupigwa pasi, anashuka bondeni na debe, na wanawake wanamcheka njia nzima. Amekiona cha mtema kuni. Kila asubuhi nasimama pale njia inapofika juu, nimtazame anavyohema. Najua utaniandikia nimwachie Mungu. Wengine nitamwachia Mungu, Mama. Huyu ni wangu.

Jumatatu

Niliiacha barua hapo ili niimalize baada ya kanisa, lakini jana uvivu ulinishika. Leo asubuhi nilisimama palepale. Barnaba akafika juu, akalitua debe miguuni pangu.

"Mapipa yangu yalikuwa ya mafuta ya taa," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na yale ya dawa, ulijua tangu lini kwamba hayafai hata yakioshwa?"

"Tangu siku lori lilipoanguka."

"Mimi sikujua, Danieli. Nilidhani sumu yote imemwagika, nikasugua mpaka mikono ikachubuka. Nilipokuwa nayapakia, ulipita na baiskeli yako. Ukaniona, nami nikakuona. Hukuweza kusema hata, 'Barnaba, yaache hayo'?"

Nilitaka kumweleza habari ya sahihi ya tatu. Lakini kilichonizuia hakikuwa sahihi, Mama. Karatasi ya onyo ilikuwa mfukoni mwangu siku ile, na Barnaba nilimwona kwa macho yangu akiyapakia. Nikasema moyoni, mwache, karatasi ikitoka atakamatwa na mapipa, aaibike mbele ya Bwana Shamba kama alivyoniaibisha mimi. Nikakanyaga baiskeli nikaenda zangu. Sikutaka niwe wa kwanza kumsemesha.

Barnaba akajitwisha debe lake akaondoka. Bado namchukia, sikufichi. Lakini kesho sitasimama pale juu. Mama Petro sijamwambia, kila nikimtazama nashindwa nianzie wapi. Wewe ndiye wa kwanza kujua.

Nisalimie mjomba, mwambie ampigie Anna kengele ya kanisa siku atakayoona inafaa. Nisalimie dada Hilda na watoto anaowafundisha darasa la kwanza, na shangazi aliyemfuma Anna ile kofia. Kofia tunayo.

Ile shikamoo ya huko juu nilikuamkia kabla hujajua. Nakuamkia tena sasa: shikamoo, Mama. Ukiona bado naistahili marahaba, niandikie hiyo tu, inatosha.

Mwanao,
Danieli