Povu la Maji ya Mvua

Mjukuu wangu Zuhura, salamu nyingi. Babu yako hajambo, mama yako hajambo, mjomba wako mguu umepona, alhamdulillahi.

Umeniuliza mbona wenzako chuoni wanasema unatoa povu. Mjomba kaniambia siku hizi povu ni maneno ya hasira, nami nimeingiwa na wasiwasi.

Nilipoolewa hapa Mtawanya, kisima chetu kilikuwa cha maji ya chumvi, sabuni haitoi povu. Mvua iliponyesha nikafulia maji yake, povu likanifika viwikoni, nikacheka peke yangu kama mtoto. Mama mkwe akaniita, "Wee Mapovu!" Nikalia.

"Unalia nini, mwanangu? Nyumba hii ilikosa kicheko."

Namshukuru mpaka leo. Sasa wewe, povu lako ni la hasira au la kicheko? Nijibu upesi, silali vizuri.

Bibi yako