Jiwe la Mayu

Mpendwa Baba Tatu,

Leo nimeshinda na Rehema, mjukuu wako, tukitengeneza jiwe. Usicheke. Ana kompyuta yake hapa chumbani kwangu, mtaani Ng'ambo. Ndani yake kuna programu ya kuchorea picha, na kwenye hiyo programu ameongeza kiprogramu kingine kidogo ambacho kazi yake ni moja tu, kutengeneza sura ya mawe. Ukigusa hapa linatokea jiwe la kijivu. Ukigusa pale linapata ufa, au linalowa kana kwamba mvua imekatika sasa hivi. Nilitazama mpaka nikahisi nateleza kurudi nyuma, taratibu, kama mtu anayesinzia jua la alasiri, nikakuona umechuchumaa na dodoki mkononi, masizi yamekufika mpaka kwenye nyusi.

Ulikuwa mwaka ule watu wa upande wa Ziba walipohamishwa kutoka miji yao ya ukoo na kupelekwa kijiji cha ujamaa. Wewe ulikuwa fundi rangi hapa mjini, ndoa yetu haijatimiza mwaka, Tatu yuko tumboni. Ikaja barua kutoka kwa jirani wa mama yako: "Mama hali chakula. Kila asubuhi anarudi kwenye jiwe lake."

Mama yako tulimwita Mayu, kama mnavyoita mama kwa Kinyamwezi. Jiwe lake lilikuwa nyuma ya nyumba aliyozaliwa, kubwa kupita nyumba yenyewe. Juu yake alianika mtama. Nyote watoto wake mlijifunza kusimama kwa kulishika. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara ya zamani, na Mayu alituambia kwamba babu huyo alitua mzigo pale siku moja kupumzika, asiunyanyue tena maisha yake yote.

Tulifunga safari, tukamkuta kwenye kijumba kipya cha udongo, katika safu iliyonyooka, juu ya mbuga isiyo na hata kokoto. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kutuona. Alikuwa kijana mpole, naye amechoka.

"Mgambo wamemrudisha mara tatu," alisema. "Juzi wamemkuta amelala juani, midomo imepasuka. Safari nyingine ataanguka njiani, na fisi watamkuta kabla yetu."

Ulimbembeleza Mayu. Ukamwahidi kumleta mjini, akakataa. Akatazama ile mbuga tambarare, akakuuliza, "Mwanangu, hapa nikitaka kuegemea, naegemea nini?"

Siku mbili ulizunguka kile kijumba ukipapasa kuta. Ya tatu ukasema, "Nitamchorea jiwe lake ukutani."

Nilikukasirikia, Baba Tatu. Nilisema, "Mama yako anakufa, na wewe unataka kucheza na rangi?" Maneno hayo nimeyajutia miaka mingi.

Lakini nilikufuata. Tulitembea mpaka kule kwenye mji wake, tukakuta nyumba imeshaezuliwa, mlango uko wazi, na nyuki wameingia. Jiwe lilikuwa na joto kama mnyama aliyelala. Hukutoa karatasi wala kalamu. Ulilaza shavu juu yake, ukafumba macho, na mimi nikaketi kando kana kwamba niko msikitini.

"Jiwe halina rangi moja," ukaniambia baadaye. "Hebu sogea. Unaona kijivu, siyo? Sasa tazama ndani ya kijivu."

Nikatazama. Ndani ya kijivu kulikuwa na rangi ya waridi, na ndani ya waridi chembe zilizometameta. Ukanionesha michirizi myeusi ambako maji ya mvua hupita, na michirizi myeupe ya mikojo ya pimbi, na madoa makavu yaliyoota juu yake kama ukoko wa uji. Sijui tulikaa saa ngapi. Nakumbuka Tatu aligeuka tumboni, nikauweka mkono wako pale.

Tukarudi na kuanza kazi. Tulikuwa na chokaa tuliyotoka nayo mjini, masizi ya vyungu, majivu, na udongo mwekundu tuliouchekecha kwa khanga yangu. Wewe ulipaka, mimi nikagonga kwa dodoki kabla rangi haijakauka. Tukabingirisha magunzi. Tukachovya ufagio na kurusha matone ili zipatikane zile chembe. Siku ya tatu watu wakaja kutazama. Mzee mmoja akauzunguka ukuta, akakuna kidevu, akauliza, "Kijana, ng'ombe huyu ni wa nani?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Na kweli, madoa yalikuwa yamelingana mno. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe kabisa. Nilitamani kujifunika khanga. Ndipo nikasikia kicheko kingine, chembamba, kikitoka kivulini. Mayu alikuwa anacheka. Alicheka akafuta machozi, akanyanyuka, akaja kusimama mbele ya ukuta.

"Nani kakwambia maji yalipita hapo?" alikuuliza. "Yalipita huku. Nipe hilo dodoki."

Tangu hapo mafundi mlikuwa wawili. Yeye aliamuru, wewe ukatii. Alikuchorea kwa kidole kibonde alichokuwa akisugulia miguu, na ufa ambamo mjusi wake aliishi. Mwenyekiti alipopita aligusa ukuta kwa kiganja, kuhakikisha.

"Sisi tuliagizwa kuhamisha watu," alisema. "Jiwe nani kaliagiza?"

"Limekuja lenyewe," Mayu akamjibu. "Litafutie na lenyewe kiwanja."

Siku ile alikula ugali na mlenda, akaomba tena. Sitasema alikipenda kijiji kile; hakukipenda mpaka mwisho. Lakini hakwenda tena peke yake. Jioni aliegemea ukuta wake na kuongea na wapita njia. Kila masika mvua ilifuta kidogo, na kila kiangazi alipaka upya. Wewe ulitangulia mbele ya haki, Tatu akiwa hajaanza shule, na Mayu akaendelea kupaka miaka mingi baada yako.

Sasa ukuta umeshaanguka. Jiwe lenyewe limepasuliwa kokoto. Picha yake hatuna hata moja. Ndiyo maana Rehema alisema, "Bibi, wewe ndiye uliyebaki unalijua. Niambie, nilitengeneze."

Jiwe lake la kwanza lilikuwa zuri sana. Nikalitazama, nikamwambia, "Huu ufa nimeuona pale, na pale, na pale tena. Jiwe si kitenge, Rehema."

Akacheka, akaufuta. Tukaanza upya, mimi nikisema, yeye akisogeza. Ongeza waridi. Punguza. Maji yapite huku. Mpaka likawa lenyewe, nikamshika mkono, naye akaacha kugusa.

Alasiri Tatu akaja kumchukua mwanawe. Akasimama mbele ya kioo cha kompyuta muda mrefu. Halafu akaniuliza jambo ambalo hajawahi kuniuliza maisha yake yote, kwa sababu mimi mwenyewe nilimfunga mdomo. Kila alipokutaja utotoni nilitoka nje.

"Mama, baba alikuwa mtu wa namna gani?"

Safari hii sikutoka. Nikavuta kiti. Nikalitamka jina lako, ambalo sikuwahi kulitamka hata ulipokuwa hai, nikasema, "Mashaka alikuwa fundi rangi." Nikaendelea, na chai ikapoa, na hakuna aliyeikumbuka.

Pumzika, Baba Tatu. Binti yako sasa anakujua.

Mkeo,
Mama Tatu