Nilimsomea Mama Mkwe Mkia wa Neno

Shangazi yetu wa ukurasa huu, shikamoo, naomba uniokoe kabla ya Alhamisi, maana moto nimeuwasha mwenyewe na kuuzima nashindwa.

Mimi ni karani wa masjala ya hospitali, kazi yangu ni mafaili, na mwaka huu tuliletewa mafunzo ya majuma matatu ya maneno ya kitabibu ili tuache kupeleka mafaili ya figo kwenye kabati la moyo, na mwalimu wetu, muuguzi mstaafu asiyecheka ovyo, akatuambia yale maneno marefu yanayotutisha si kitu, yameungwa vipande vipande tu, kuna kichwa kinachotaja mahali na mkia unaosema mahali hapo pana nini, gastro ni tumbo, nefro ni figo, ukiona mkia wa -itis ujue pamevimba na panawaka, ukiona -ektomi ujue kuna kitu kimekatwa kikatolewa, na Shangazi, nilinogewa! Nikawa sishikiki. Mume wangu akijikuna namwambia hiyo dermatitis, mtoto akikohoa natafuta kichwa na mkia, mpaka wifi yangu akanibandika jina la Daktari Nusu, na mimi badala ya kuona haya nikalipenda.

Basi mwisho wa juma la kwanza mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ananipenda kuliko ninavyostahili, akarudi kutoka kliniki ya jirani na karatasi, ana kinundu mgongoni chini ya bega, cha siku nyingi, laini, hakimuumi, akaniambia, "Mwanangu, yule daktari kaongea mbio mbio, mimi nikawa naitikia ndiyo ndiyo tu, hebu nisomee wewe msomi," nami nikavaa miwani ya mume wangu, ambayo hata siihitaji, nikaona pameandikwa lipoma, na jana yake tu mwalimu alikuwa ametuambia -oma ni uvimbe, mfano melanoma, saratani ya ngozi, sasa hicho kichwa cha lipo hatukuwa tumekifikia, lakini ningesemaje sijui mbele ya wifi? Nikashusha pumzi kama daktari kweli, nikasema, "Mama, ni saratani."

Hakulia. Alikunja ile karatasi mara nne, akaenda kuosha vyombo. Kesho yake akatafuta mtu wa mkokoteni akampelekea mdogo wake cherehani ya marehemu mama yao, ile waliyonuniana kwa ajili yake miaka tisa bila hata salamu, na jioni hiyo hiyo mama mdogo akaja anakimbia na kandambili za bafuni, wakakumbatiana mlangoni mpaka chai ikachemka ikamwagika. Sasa yuko hapa kwetu, wanalala chumba kimoja, wanacheka mpaka watoto wanashindwa kusoma. Alhamisi ndiyo siku aliyopangiwa kutolewa kinundu, naye anasema haendi, ya nini kumchosha mtu anayeondoka.

Juzi, juma la tatu, mwalimu akaandika ubaoni: lipo, mafuta. Uvimbe wa mafuta, Shangazi! Akasema kwa kawaida hauna madhara. Nilitoka darasani nikaenda kulia nyuma ya makabati. Nikisema kweli, mume wangu hataniamini tena, na mama mdogo ataona amechezewa shere, atafunga virago vyake. Nikinyamaza, mama anaendelea kugawa nguo zake. Jana kanipa mimi koti lake zuri. Nifanyeje?

Daktari Nusu

*

Daktari Nusu, nilicheka ulipovaa miwani, nikaacha kucheka ulipofungua mdomo.

Nianze na haki yako. Ulichofundishwa ni kitu kizuri, na karani anayejua vipande vya maneno ni lulu masjalani. Lakini hebu niambie, neno "mpishi" si nalo limeungwa? Linakwambia mtu huyu anapika. Linakwambia chumvi imezidi? Halikwambii, mpaka uonje. Hata hiyo lipoma, ungeijua yote kichwa na mkia, ingekuambia uvimbe ni wa nini. Ya mgongo wa mama mkwe wako anayajua aliyeuona na kuugusa. Na huo mkia wako wa -oma hauna adabu moja: ukigonga goti mezani damu ikavilia, nayo huitwa hematoma. Ungeniandikia wosia kwa ajili ya goti?

Kosa lako, mama, si kutojua lipo. Nani kazaliwa anajua lipo? Kosa lako ni kwamba neno "sijui" lilikuwa mdomoni ukalimeza kwa kumwogopa wifi. Halafu umekaa siku mbili na ukweli mfukoni, unamwangalia mtu anagawa nguo zake, na koti umepokea! Aibu.

Sasa nisikilize. Leo, ukitoka kazini, usipitie kwa mume wala kwa wifi. Nenda kwa mama mkwe mwenyewe, mpe koti lake, mwambie: nilisoma nisichokijua, nikakudanganya, nisamehe. Usianze kumfundisha vichwa na mikia. Usimuahidi kwamba hana ugonjwa wowote pia, maana utakuwa umerudia yale yale. Alhamisi omba ruhusa kazini, mpeleke, kaa naye chumbani kwa daktari, na daktari akienda mbio mwambie, "Tafadhali, rudia polepole." Hiyo ndiyo kazi yako hapo. Mume utamwambia usiku huo, na akinuna, ana haki.

Kuhusu mama mdogo, acha kujipa sifa zisizo zako. Wewe ulisema uongo. Cherehani hukuipeleka wewe, na kandambili za bafuni hukumvalisha wewe. Wale wamepatana wenyewe. Mtu aliyekimbia hivyo kuja kumuaga dada yake, ukimwambia dada haondoki, ataondoka yeye? Mjaribu uone.

Na mama mkwe akikufokea, usijitetee. Simama usikilize mpaka mwisho. Atafoka sana, maana atakuwa amekumbuka kwamba ana kesho.