Namba Nne Zilizofanana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, mguu umepungua kuvimba, na ile dawa ya kuchua unaitumia mwenyewe badala ya kumgawia kila anayelalamika mgongo hapo Kinyangiri. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imekuwa juu juu, na sababu yake unaijua nusu. Nusu ya pili naiandika kwa sababu simu zangu hupokei. Nimepiga mara tisa, mama. Dada Naomi ananiambia unaiangalia inalia, halafu unaendelea kuchambua mchicha. Haya, sawa. Barua nayo unaweza kuichoma, lakini nakujua, huwezi kuichoma kabla hujaisoma.

Anayekuletea ni mama mmoja wa Kiomboi anayekuja likizo. Mpe chai, na usimhoji sana, hajui lolote.

Nianze mwanzo, maana siku ile kwenye simu nilianza na kelele. Unakumbuka nilivyokuagiza. Ile mbegu mpya ya alizeti ilipandwa kwenye mashamba manne, lako na ya majirani watatu, na pembeni ya kila kipande ikapandwa mbegu yetu ya siku zote. Nikakutumia karatasi: mkishavuna, pimeni kila shamba, andikeni. Ukapima, ukaandika kwenye daftari, Naomi akalipiga picha akanirushia. Namba hizo ndizo masomo yangu yote ya miaka minne. Zikikubaliwa, namaliza, narudi nyumbani Desemba. Zikikataliwa, sijui. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jumatatu asubuhi nilipokaa mbele ya kompyuta.

Huku chuoni ng'ambo tuna programu ya kukokotoa. Unaiandikia amri kwa herufi, yenyewe inapiga hesabu na kuchora. Kwa kila mbegu inaweka nukta moja, ndiyo wastani wa mashamba manne. Halafu juu na chini ya nukta inachora kijiti kilichosimama wima. Hicho kijiti, mama, ndicho watu wa huku wanakiangalia kwanza kuliko nukta. Wewe mtu akikuuliza ng'ombe wa mjomba anatoa maziwa kiasi gani, unasema lita tatu, siku nyingine inazidi nusu, siku nyingine inapungua nusu. Hiyo nusu ya juu na nusu ya chini ndiyo kijiti. Kikiwa kirefu, maana yake namba zimetawanyika, usijiamini sana. Kikiwa kifupi, namba zimekaribiana.

Basi nikaandika amri, picha ikatokea. Mbegu yetu ya zamani, nukta na kijiti kirefu, sawa kabisa. Mbegu mpya, nukta ipo juu, inapendeza, lakini kijiti hakuna! Nikasema nimekosea amri. Nikaifuta nikaandika upya. Hakuna. Nikasema labda nimeipa safu ya namba isiyo yake. Nikazipanga upya moja moja. Hakuna. Nikaiambia programu inionyeshe urefu wa kijiti kwa tarakimu, ikaniandikia sifuri. Ndipo nikafungua picha ya daftari lako, na kwa mwandiko wako ule wa kulala nikasoma: kilo sabini na nane, sabini na nane, sabini na nane, sabini na nane.

Mama, nilitoka jasho, na nje kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio.

Jumanne Profesa anayenisimamia akaiona. Ni mama wa makamo, mpole, hapandishi sauti hata siku moja, na mimi ningeona afadhali apandishe. Akaiangalia ile nukta isiyo na kijiti, kisha akaniangalia mimi.

"Yohana, shambani hakuna namba nne zinazofanana. Hata maabarani kwangu hazipo. Namba hizi zimetoka wapi?"

Nikasema zimetoka Kinyangiri.

"Au zimetoka mezani kwako?"

Yaani alikuwa ananiuliza kama nimezipika. Mtu akipatikana amepika namba huku, hawamgombezi. Wanamwondoa kimya kimya, na jina lake linabaki na doa popote atakapokwenda. Akanipa mpaka Ijumaa saa tisa mchana nije na maelezo.

Ndipo nikakupigia. Sitaki kurudia niliyosema, lakini nikiyaruka utaona najificha. Nikakuuliza kwa nini zinafanana, ukanijibu, "Kwa sababu zinafanana." Nikakuambia haiwezekani. Ukaniambia, "Nilipima magunia manne kwa mkono wangu, yakawa sawa, ulitaka niandike nini?" Na mimi, mtoto wako uliyemlea, nikakupayukia, "Mama, umepika namba!" Simu ikakatwa. Sijawahi kukusemesha vile. Hata baba, Mungu amrehemu, hakuwahi. Naona aibu mpaka sasa ninapoandika, na nakuomba radhi, mama. Nimekukosea.

Jumatano nikampigia jirani yako, Mama Zainabu. Usimlaumu, mimi ndiye niliyembana. Kwanza alizunguka zunguka na habari za kuku. Nikamwambia, shangazi, wanataka kunifukuza. Akawaacha kuku, akasema:

"Mwanangu, shamba langu ndege walilimaliza. Tangu mzee wangu afariki sina wa kunisaidia kuwinga. Nilipata gunia halijai hata nusu. Mama yako akaona ninavyolifunga kwa kujificha. Akasema mbegu hii hatukununua, tulipewa wote, basi tuimwage kwenye turubai moja."

Akaniambia mlivyomwaga magunia yote manne, mkachanganya kwa mikono, mkagawana kwa debe mpaka kila mtu akatoka sawa. Baada ya hapo ndipo ukatundika mizani ukapima gunia la kila mmoja.

Nikakata simu, hata kuaga nikasahau. Hukupika kitu, mama. Ulipima magunia manne na yalikuwa sawa kweli, kwa sababu mliyafanya yawe sawa. Ya zamani kila mtu alipanda yake, akavuna yake, ndiyo maana kijiti chake kipo. Hii ilikuwa ya kupewa, na ya kupewa tangu nazaliwa sijaona hapo kijijini mtu akipata zaidi ya mwenzake. Hata nyama ya msibani mnaihesabu vipande. Mimi nimekulia humo, nikala humo, halafu nikaandika karatasi ya mistari miwili kana kwamba nawaandikia watu nisiowajua. Sikusema pimeni kabla ya kugawana. Sikusema kwa nini.

Nikakuuliza kupitia Naomi kama kuna mtu aliyekumbuka uzito wa mwanzo. Akasema hakuna aliyepima. Basi uzito wa kweli ukawa umepotea.

Sasa sikiliza ya Alhamisi, hii sijamwambia mtu. Programu ile ina amri nyingine ambayo ukiipa namba, inakutengenezea namba za kubahatisha zilizo karibu nayo. Mstari mmoja tu. Nikaandika. Ikanipa sabini na moja, themanini na mbili, sabini na sita, themanini na tatu. Nikairudisha kwenye mchoro, na kijiti kikasimama, kifupi, kizuri, mahali pake. Ungekiona ungesema hiki ndicho kilichokuwa kinatafutwa. Kilichobaki ni kusema tu kwamba daftari lilikosewa kunakiliwa, na kwamba nyumbani wamenitumia lililo sahihi. Nani angepanda ndege kuja huko kwetu Mkalama kuuliza? Niliona Desemba ile pale, mama. Nilikuona umesimama stendi na kitenge chako cha kanisani. Nikaihifadhi ile picha yenye kijiti. Sikuifuta. Ijumaa niliingia kwa Profesa nikiwa na picha mbili kwenye kompyuta, na mpaka nakaa kwenye kiti nilikuwa sijui nitafungua ipi.

Walikuwa wawili, yeye na mzee mmoja wa kamati asiyecheka. Profesa akasema, "Haya, umetuletea nini?" Kidole kiko juu ya picha yenye kijiti. Halafu yule mzee akaniuliza, kwa utaratibu tu, kama mtu anayejaza fomu, "Aliyepima ni nani?"

Hapo ndipo nilipokwama. Kwa maana ningefungua ile picha, ningelazimika kuwapa na daftari la kulingana nayo, na daftari lingekuwa na jina lako juu ya namba ambazo hujawahi kuziona. Nilikuita mpishi wa namba Jumanne, halafu Ijumaa nikufanye kuwa mpishi kweli! Nikafungua isiyo na kijiti.

Nikawaeleza yote. Ndege, gunia la Mama Zainabu, turubai, debe. Nilifikiri watacheka. Profesa hakucheka, aliandika kwa muda mrefu. Yule mzee akasema basi ripoti itaje kwamba msaidizi wa shambani alikosea. Nikamwambia hapana, sauti yangu ikapanda zaidi ya nilivyotaka. Nikasema msaidizi alifanya nilichomwandikia, niliyekosea ni mimi. Ndivyo ilivyoandikwa sasa, mama: kosa ni la mtafiti.

Hawakunifukuza. Nimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hizo namba nne zimehesabiwa kuwa ni moja, na namba moja haina kijiti, na bila kijiti siwezi kusema mbegu mpya imeishinda ya zamani. Lazima ipandwe tena kwa mvua hizi, ivunwe tena. Wamenikubalia kubaki nikisahihisha mazoezi ya wanafunzi mpaka namba zije, na tiketi yangu ni moja tu, ya siku nitakayomaliza.

Kwa hiyo msimu huu nakuomba wewe tena, simtaki mwingine. Pima kila shamba peke yake, palepale, kabla gunia halijafunguliwa. La Mama Zainabu uliandike hata likiwa kilo kumi, na umwambie kwamba hiyo kumi naihitaji kuliko themanini za mwingine, asione haya hata kidogo. Ukishaandika, mwageni kwenye turubai, changanyeni, mgawane kama mlivyogawana. Mimi hapo sina neno.

Nisalimie dada Naomi, mpiga picha wetu, na mumewe fundi baiskeli. Nisalimie mjomba mwenye ng'ombe, mwambie ng'ombe wake ameingia kwenye hesabu zangu za chuo, halafu usimweleze zaidi. Salamu kwa Mama Zainabu, na msimu huu msaidieni kuwinga ndege kwa niaba yangu.

Mama, chumba umekwisha kukipaka chokaa, Naomi ameniambia. Na kanisani umekwisha kutangaza. Desemba siji. Nimelizungukia neno hili kurasa nne nzima na ndilo lililonitia uoga kuliko kamati. Najua ungeniambia nifungue ile picha nyingine, nije. Ungeniambia bila hata kufikiri, na jina lako wangeliandika watakavyo. Ndiyo maana sikukuuliza.

Ni mimi mwanao niliyekupayukia,
Yohana